Karatasi Aliyoitia Saini Mama Mdogo

Mlola, Lushoto
12 Mei 2024

Kwa mpwa wangu Zakia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi tu wazima, ila mgongo wangu unauma na masikio yamegoma, asiyenipigia kelele karibu simsikii. Juzi ulipopiga simu nilisikia mvumo kama wa nyuki, nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua nakubali nini. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la Arusha, nawe ukijibu mpe huyohuyo. Masika imetuachia maporomoko mawili barabara ya Mlalo, lakini hakuna aliyeumia. Mama yako mdogo Tatu anakusalimu. Mpaka leo anasimulia watu ulivyosimama ofisi ya kata siku ya pili ya Idd, ukaongea bila kusoma popote.

Hayo uliyoongea ndiyo yaliyonifanya niandike. Uliwaambia akina mama kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ni mstari tu kwenye ramani, mboga za Usambara zinavuka bila ushuru kama zinakwenda Mombo. Wamekuamini. Tatu ameunda kikundi cha wanawake kumi na wanane, yeye mwenyekiti. Mashamba waliyokuwa wanapanda maharage ya nyumbani sasa yana karoti na hoho za kuuza ng'ambo. Nikamwambia angoje kwanza. Akanijibu, "Kaka, aliyesema ni Zakia. Zakia nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Hawezi kunidanganya."

Unajua kwamba nilikuwa karani wa reli Tanga Jumuiya ya kwanza ilipokufa mwaka 1977. Tulikuwa na nyimbo za undugu, tulikuwa na bendera. Kisha ndugu wakagawana mabehewa kama watoto wanavyogombania sufuria za marehemu kabla hajazikwa. Nilishuhudia kwa macho yangu, na mpaka leo nikisikia neno "mtangamano" nataka kutema mate.

Nijibu hili moja tu: maskini akiungana na mwenye nguvu kumzidi, nani anamla nani?

Mimi mjomba wako,
Abubakari Shemweta


Arusha
9 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilimsomea Mariamu, akacheka sana hapo pa nyuki. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kutabasamu shuleni. Baba yake, Saidi, bado yuko Mwanza kikazi. Nakutumia dawa ya kuchua mgongo, usiiache kabatini kama ile ya mwaka jana.

Mjomba, ya sabini na saba yalikuwa ya wakati wake. Siku hizi kuna sheria, kuna vyeti, kuna mahali pa kushtaki. Mimi kazi yangu ni ukalimani, nakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi na kuwageuzia wajumbe Kiingereza kuwa Kiswahili, kwa hiyo haya mambo nayasikia kila wiki kutoka vinywani mwa wataalamu wenyewe.

Umeuliza nani anamla nani. Nakujibu hivi: mama mwenye tenga moja la karoti mbele ya mnunuzi mmoja hana la kusema, atachukua anachopewa. Mletee wanunuzi kumi kutoka nchi tatu, hapo ndipo atakapoinua kichwa. Nchi maskini ni huyo mama. Ikibaki peke yake inabaki na mnunuzi wake mmoja. Ndiyo maana sisi tunaihitaji Jumuiya kuliko hao wenye nguvu.

Mwambie Mama Mdogo achukue cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha zimelimwa wapi, na cheti cha afya ya mimea. Akiwa na hivyo viwili hakuna wa kumgusa. Mimi nipo.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Zakia


Mlola
4 Agosti 2024

Zakia,

Marahaba. Hali ya hewa ni baridi kali, kuku wanakufa. Dawa ya mgongo imefika na naitumia.

Lori limekwenda na limerudi. Tatu miguu imemvimba, anakaa jikoni tangu asubuhi na kuangalia majivu. Haya ninayokuandikia nimeyapata kwa Selemani, dereva, ambaye nilimketisha hapa barazani aniandikie maneno mengine kwenye karatasi kwa ajili ya masikio yangu.

Walifika mpakani Jumanne asubuhi. Vyeti vyote viwili alikuwa navyo, kavifunga kwenye kanga. Ofisi ni moja siku hizi, meza za nchi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, wanasema ni kwa ajili ya kuharakisha. Afisa wa upande wa pili akasoma vyeti, akasema lazima mboga zipimwe mabaki ya dawa. Akachukua hoho tatu na karoti mbili.

"Majibu lini?" Tatu akauliza.

"Kesho."

Kesho yake akaambiwa kesho. Keshokutwa akaambiwa kesho. Muda wote huo, anasema Selemani, malori ya juisi za boksi na siagi za viwandani yalikuwa yanapita kuja kwetu, na madereva hawazimi hata injini. Akina mama wachuuzi wa upande wa pili, waliokuwa wamekuja kupokea mzigo, walimletea uji na mkeka. Walikuwa wanalia pamoja naye, maana mzigo ulikuwa wao pia.

Siku ya nne hoho zilikuwa zinatoa maji chini ya lori, nzi wamejaa. Ndipo yule afisa akatoka nje akiwa ameziba pua. "Mama, hizi ni taka. Zimwage." Tatu na Selemani wakamwaga lori zima shimoni kwa mikono yao, karoti nzima nzima na hoho zilizooza pamoja, huku mtu anawapiga picha kwa simu. Walipomaliza akaletewa karatasi ya Kiingereza.

"Hii ya nini?"

"Ya kuachia gari. Saini hapa."

Akasita. Sasa sikiliza, Zakia. Aliyempa kalamu hakuwa wa upande wa pili. Alikuwa wa kwetu, Mtanzania, mwenye kitambulisho chenye bendera yetu. Akamwambia, "Mama, usitupotezee muda, watu wanataka kwenda kula."

Akatia saini.

Nimechefukwa. Wale wa kule nilishawategemea hivyo. Kinyaa changu ni kwa huyu wa kwetu na njaa yake. Ulisema upo. Uko wapi?

Abubakari


Arusha
22 Septemba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mikutano imekuwa mfululizo, nimekuwa nikirudi nyumbani sauti imekauka. Mariamu meno yameota, sasa anatabasamu kwa kila mtu. Shuleni kwao wameanza mashindano ya kusoma na amekuwa wa pili, angekuwa wa kwanza kama asingepata mafua. Saidi atarudi Novemba. Huku mabwawa yamepungua maji, tunapata mgao wa umeme, lakini hatujambo.

Habari za Mama Mdogo zimenisikitisha. Taratibu za mpakani ni ngumu na zinabadilika, na wakati mwingine mtu anaweza kuwa amekosea jambo dogo bila kujua, hasa katika mambo ya dawa za kupulizia. Ingekuwa vizuri wakulima wapate semina. Tusihukumu haraka.

Mpe pole nyingi. Nimemtumia kitenge.

Zakia


Mlola
6 Oktoba 2024

Zakia,

Leo sikusalimu.

Jumatano tulikuwa jikoni kwa Tatu, yeye na majirani wawili na mimi. Redio ilikuwa imewashwa. Mimi, kama unavyojua, redio siisikii, nilikuwa namenya viazi. Nikaona Tatu ameinua uso na kutabasamu, akanionyesha redio kwa kidole, akatamka bila sauti: "Zakia." Nikafurahi, nikajua wanatangaza mkutano wenu. Kisha nikaona lile tabasamu likishuka kidogo kidogo. Majirani wakatazamana. Mmoja akainuka, akasema anakwenda kufunga mbuzi. Hana mbuzi.

Nikawaomba waniandikie. Nimeandikiwa hivi: "Mimi, Tatu Shemweta, nakiri kwa hiari yangu kwamba nimepulizia mboga zangu dawa iliyopigwa marufuku, na nimekubali ziteketezwe."

Kwa sauti yako. Mlola nzima sasa wanaijua habari hiyo, na wanaijua kutoka kwako. Nimeambiwa mtangazaji alisema mkutano wenyewe ulifanyika tarehe kumi Septemba. Maana yake ulipokuwa unaniandikia habari za meno ya Mariamu, ulikuwa umeshaisema.

Ulituma kitenge.

Tatu hajalia. Amekikunja kile kitenge akakiweka mlangoni kwangu, nikurudishie. Nimekitia kwenye bahasha hii.

Abubakari


Arusha
10 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na usipoitikia nitaelewa.

Nitakuambia ilivyokuwa. Siku ile mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza kwa nini mizigo inachelewa mipakani. Hoja yake ilikuwa kwamba ofisi hazina kosa, wakulima wadogo ndio hawafuati kanuni. Akaweka picha ya karatasi kwenye ukuta kama mfano. Mjomba, niliiona saini kabla sijasoma jina. Ile herufi T yenye kichwa kirefu niliifundisha mimi. Nilikuwa darasa la tano, yeye akirudi sokoni ananiambia, "Nionyeshe tena jina langu," tunaandika kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia mboga.

Mkalimani hasemi "yeye amesema". Husema "mimi", kama kwamba maneno ni yake. Yule mtaalamu akasoma, nami nikasema: Mimi, Tatu Shemweta. Ulimi haukukwama hata kidogo. Ningeweza kuzima kipaza sauti. Niliwaza mkataba wangu ambao unaisha Desemba, nikaendelea. Baada ya hapo tukaenda kunywa chai, mwenzangu akanisifu kwamba nilikuwa na mtiririko mzuri. Niliinywa ile chai. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Na siku ya Idd pia nilikudanganyeni, ingawa sikujua kama nadanganya. Nilikuwa nimesema maneno ya watu miaka sita, nikafika mahali nikadhani nimeyaona yale ninayoyasema. Mpakani kwenyewe sijawahi kufika.

Nimefanya jambo moja. Efrazia wa masijala amenifungulia lile jalada. Ndani kuna picha zao wakimwaga mboga, kuna karatasi aliyoitia saini, basi. Hakuna karatasi ya maabara. Zile hoho tatu na karoti mbili hazikwenda kupimwa popote. Kanuni inasema majibu yatoke ndani ya siku moja, wao wakakaa siku nne, mzigo ukaozea mikononi mwao. Ikabidi apatikane mwenye kosa. Wakamwandikia kosa kwa lugha asiyoijua, na kikundi chake kikaingizwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuvusha.

Nimeweka hapa nakala, na tafsiri yake niliyoiandika kwa mkono, neno kwa neno. Msomee, au usimsomee. Mimi sina haki ya kuchagua.

Zakia


Mlola
8 Desemba 2024

Zakia,

Marahaba. Mvua za vuli zimekuja vizuri. Mgongo unaruhusu kutembea hadi msikitini.

Nimemsomea Tatu. Alinitaka nirudie pale panaposema "kwa hiari yangu". Nikarudia. Akaomba tena, mara ya tatu. Kisha akasema, "Kumbe nina hiari. Sikujua," akaendelea kupepeta mchele.

Kuna jingine. Mussa, yule mnunuzi wa Lushoto mjini, alikuja wiki mbili zilizopita kununua karoti za kikundi. Hawana pa kuzipeleka, wakamwachia kwa bei aliyoitaka yeye. Jumapili iliyopita Selemani alirudi akaniambia amezibeba yeye mwenyewe kwa lori lilelile. Zilivuka mpaka kwa karatasi za Mussa kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyechukua hata karoti moja ya kupima. Shamba lilelile, Zakia, wakulima walewale, maji yaleyale ya Mlola. Nilipomwuliza Mussa anawafanyaje maafisa, alicheka. "Mzee, mimi wananijua." Na sasa ameletewa barua ya mwaliko: Januari anakwenda Arusha kwenye mkutano wa wadau, kuwakilisha wakulima wadogo wa Lushoto. Mussa! Hajawahi kushika jembe ila kulisogeza apite.

Sasa nakujibu swali langu mwenyewe la mwezi Mei. Nilidhani nchi kubwa inaila ndogo. Siyo. Wanaokula wako pande zote mbili, wanajuana kwa majina, na wanaoliwa wako pande zote mbili, wanapeana uji. Jumuiya ipo kweli, na ni ya akina Mussa. Sijui kama nina chuki ya kutosha kwa wote.

Tatu hajanipa ujumbe wowote wa kwako. Aliuliza tu mkutano huo utakuwa ukumbi gani, na kama utakuwepo kwenye kibanda chako. Nikamwambia sijui.

Abubakari


Arusha
26 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama Mdogo amekwishafika huko, nadhani, na nadhani hajakuambia kitu. Kwa hiyo nakuambia mimi.

Alhamisi nilikuwa kibandani. Mkataba walikuwa wameniongezea miezi mitatu. Mwenyekiti akasema tutasikia sauti ya mkulima kutoka Lushoto, nikajiandaa kumkalimani Mussa. Akasimama Mama Mdogo. Kitambulisho shingoni kimeandikwa MUSSA kwa herufi kubwa. Baadaye aliniambia alimvizia mlangoni akamwambia, "Nipe hicho," na Mussa akampa. Labda ni aibu, labda ni macho ya Mama Mdogo.

Akashika kipaza sauti. Akaanza kwa Kishambaa.

Watu wakageuka. Mwenyekiti akasema, "Mama, tafadhali, Kiswahili au Kiingereza." Yeye anakijua Kiswahili kama wewe na mimi. Akainua mkono akaonyesha nyuma ya ukumbi, kwenye kioo changu, akasubiri. Ukumbi wote ukanitazama. Nikawasha.

Nikasema: Mimi ni Tatu Shemweta wa Mlola. Mimi ndiye niliye kwenye karatasi yenu. Sijui Kiingereza, na aliyenipa kalamu alijua kwamba sijui. Mboga zangu hazikupimwa, jalada lenu halina majibu. Kama yapo, nionyesheni sasa hivi, nafasi ninayo. Karoti za shamba langu zimevuka mwezi wa kumi na moja mkononi mwa mtu mwingine, na mmezila.

Kisha akasema sentensi nyingine, na mimi, Mjomba, nilishika meza. Nikasema: Na mtoto niliyemlea kwa kuuza mboga ndiye aliyewaazima mdomo mkanivua nguo mbele ya kijiji changu. Yuko kwenye kile kioo. Anaona aibu, namjua. Nimetaka aseme na hili pia.

Nililisema lote. Sauti ilipasuka mwishoni lakini nililimaliza.

Mwenyekiti akamshukuru kwa "mchango mzuri", akatangaza chakula. Hakuna aliyeleta jalada. Jioni nilipewa kumbukumbu za mkutano nizifasiri, nazo zinasema hivi: "Mjumbe mmoja alitoa maoni kwa lugha ya asili." Basi. Yote yale, mstari mmoja. Nikazirudisha bila kufasiri, nikaandika chini yake kwamba sifasiri uongo. Ijumaa wamenikatishia mkataba.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi. Walikuwa wamempa sahani ya pilau na kuku, ameiweka chini, hajaigusa.

"Umesema yote?" akaniuliza.

"Yote, Mama."

"Hata la kwako?"

"Hata hilo."

Akatazama ile sahani. "Siwezi kula chakula chao. Nipeleke stendi."

Kwenye basi alikaa upande wa pili, mbali na dirisha nililosimama chini yake. Mpaka basi linaondoka sikumwona uso.

Zakia


Mlola
16 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Zakia,

Marahaba, mwanangu. Habari za kufukuzwa kazi nimemwambia Tatu, akasema, "Ana mikono." Mariamu umlete likizo, mapeasi bado yapo mtini.

Tatu hajanisimulia ya Arusha, lakini tangu arudi anakula vizuri. Jumatatu aliwaita wenzake wote kumi na saba. Nilikwenda nikakaa pembeni, jirani akiniandikia yanayosemwa. Wengi walitaka wabadili jina la kikundi ili wavuke kimyakimya. Wengine walitaka kuachana kabisa na mpaka, na mimi nilikuwa na hao, nikasimama nikasema: pale pananuka, mnarudia nini? Tatu akanijibu mbele ya watu. Alisema wale akina mama wa upande wa pili wamempigia simu mara nne, wanazitaka karoti, na wao pia mizigo yao inaozeshwa ikija kwetu. Alisema soko ni la kweli na watu wake ni wa kweli, uchafu uko pale mezani katikati. Akasema jina halibadiliki, maana hilo ndilo walilolichafua. Safari hii wameshapima mboga wenyewe, majibu wanayo mkononi. Atakwenda kusimama pale hadi walifute jina hilo kwenye orodha, au wamkatalie machoni mwake. Wale wa ng'ambo watakuja kusimama naye.

Mimi bado naichukia Jumuiya yenu, nikwambie ukweli. Sitegemei walifute. Mwenye meza hana njaa, kwa nini ahangaike? Lakini sikuinua mkono kupinga.

Lori linaondoka Mlola Jumatano ya wiki ijayo, kabla ya mfungo. Alhamisi tarehe 27, saa mbili asubuhi, uwe mpakani. Ameniambia nikuandikie, na nilimwuliza kama maana yake amekusamehe. Akasema hakusema hivyo. Amesema hatatia saini karatasi yoyote mpaka umsomee kwa sauti, mbele yao, na uje na miwani yako, maana wanaandika kwa herufi ndogo.

Mjomba wako,
Abubakari